Kijana Aliyerudi Kwenye Mzinga

Tarehe 1 Desemba, 2020, katika nyumba ya Gavana Mkuu wa Australia mjini Canberra, jamaa za baharia mmoja walikabidhiwa nishani ya Victoria Cross, ambayo ni kubwa kuliko nishani zote za ushujaa wa vitani. Mwenyewe hakuwapo kuipokea. Alikuwa amezama baharini miaka 78 kamili kabla ya siku ile, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 18. Jina lake ni Edward Sheean, na watu wake wakimwita Teddy.

Habari hiyo yaleta maswali mawili. La kwanza, kijana wa cheo cha chini kabisa alifanya nini hata akastahili heshima ambayo kabla yake hakuna mtu yeyote wa Jeshi la Maji la Australia aliyepata kupewa? La pili, ikiwa alistahili, kwa nini nishani yake ilichelewa hata wazazi wake wakafa bila ya kuiona? Majibu ya maswali hayo yamefungamana, na ili kuyaelewa yafaa kuanza kwao alikozaliwa.

MTOTO WA KUMI NA NNE

Teddy Sheean alizaliwa tarehe 28 Desemba, 1923, mahali paitwapo Lower Barrington, katika kisiwa cha Tasmania kilicho kusini ya Australia. Baba yake alikuwa kibarua, na Teddy alikuwa mtoto wa kumi na nne katika nyumba ile. Baadaye walihamia mji mdogo wa Latrobe, na huko Teddy alisoma katika shule ya Wakatoliki. Alipotoka shuleni alifanya kazi za vibarua mashambani, leo kwa mtu huyu na kesho kwa mwingine, kama wafanyavyo vijana wengi ambao wazazi wao hawana mali.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, kaka zake watano waliingia jeshini, wanne katika jeshi la nchi kavu na mmoja katika jeshi la maji. Teddy naye aliwafuata. Tarehe 21 Aprili, 1941, akiwa na umri wa miaka 17, alijiandikisha mjini Hobart kuwa baharia. Baada ya mafunzo ya kwanza alipelekwa katika chuo cha wanamaji kiitwacho Cerberus, katika jimbo la Victoria, na mwezi wa Mei, 1942, akaamriwa kwenda Sydney kungojea meli yake.

Bandarini Sydney mabaharia waliokuwa wakingojea meli walilazwa katika chombo kikuukuu cha kuvushia abiria, jina lake Kuttabul. Teddy alikuwa mmoja wa waliopewa nafasi humo. Lakini kwanza alipata ruhusa ya kwenda kwao kuwaona wazazi, na alipokuwa huko, usiku wa tarehe 31 Mei, nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandarini kwa siri. Topedo moja, yaani kombora liendalo ndani ya maji, liliizamisha Kuttabul, na mabaharia 21 wakafa. Kama Teddy angalikuwa hana ruhusa siku zile, yamkini habari zake zingaliishia hapo. Siku 11 baadaye alikuwa amerudi Sydney, akapanda meli yake mpya.

MELI NDOGO NA MZINGA WAKE

Meli hiyo ilikuwa Armidale, nayo ilianza kazi tarehe 11 Juni, 1942. Ilikuwa ya aina iitwayo korveti. Katika miaka ya vita Australia ilijenga korveti 60 za namna moja, kwa kuwa zilikuwa rahisi kujengwa, na kila moja iliweza kufanya kazi nyingi: kusindikiza meli za mizigo, kutafuta nyambizi, kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini, na kuchukua askari. Urefu wake ulikuwa futi 186 tu, na mwendo wake haukuzidi sana noti 15, yaani maili 17 hivi kwa saa. Kwa ndege ya vita chombo kama hicho ni kama kobe mbele ya mwewe.

Kazi aliyopangiwa Teddy melini ilikuwa kupakia risasi katika mzinga wa kutungulia ndege uitwao Oerlikon. Inafaa kuueleza mzinga huo, maana bila ya kuujua mtu hawezi kufahamu vizuri jambo alilolitenda kijana huyu.

Oerlikon ni mzinga mdogo, ambao tundu la mtutu wake lina upana wa milimita 20. Juu yake huwekwa kasha la mviringo lenye risasi 60. Mzinga ukipiga mfululizo, kasha zima huisha kwa muda wa nukta nane au tisa, na hapo mpakiaji huliondoa lile tupu na kuweka lililojaa. Mpigaji husimama nyuma, akaegemeza mabega yake juu ya vipande viwili vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha hufungwa kwa mkanda unaopita mgongoni. Anapotaka kuugeuza mzinga huugeuza kwa uzito wa mwili wake mwenyewe: akichutama mtutu huinuka, na akisogea upande nao humfuata.

Katika mambo hayo yako mawili ya kukumbuka. Kwanza, mzinga wa Oerlikon hauhitaji umeme wala nguvu za injini. Mitambo yote ya meli ikizimika, mzinga huo huweza kupiga maadamu yupo mtu wa kuuongoza. Pili, mkanda ule ule umshikao mpigaji asianguke wakati meli inapoyumba ndio umfungao pamoja na meli. Meli ikizama, mtu aliyejifunga hana nafasi ya kuruka.

SAFARI YA TIMOR

Mwaka 1942 vita vya Wajapani vilikuwa vimeenea Bahari ya Hindi yote, hata watu wa pwani ya Kenya waliona dalili zake. Wajapani walipokwisha kuishambulia Ceylon mwezi wa Aprili, manowari za Kiingereza zilizokuwa huko zilihamishiwa Kilindini, Mombasa. Upande wa mashariki, Wajapani walikuwa wamekwisha kuupiga mji wa Darwin, ulio kaskazini ya Australia, na kukitwaa kisiwa cha Timor. Kisiwani humo kikosi kidogo cha Waaustralia kiliendelea kupigana milimani kwa msaada wa wenyeji, ambao waliwapa chakula, wakawabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Kufikia mwisho wa mwaka askari wale walikuwa wamechoka na wagonjwa, tena walikuwako raia wa Kireno waliohitaji kuondolewa upesi.

Basi zilichaguliwa meli tatu za kwenda kuwachukua: korveti mbili, Castlemaine na Armidale, na chombo kidogo kiitwacho Kuru. Armidale ilipakia pia askari wa jeshi la Wadachi, wengi wao wenyeji wa visiwa vya Indonesia, ambao walipasa kushushwa Timor. Korveti mbili zilitoka Darwin tarehe 29 Novemba, 1942. Ndege za Kijapani ziliziona zikiwa njiani na kuzishambulia, kwa hiyo zilichelewa kufika. Zilipofika Betano, katika pwani ya kusini ya Timor, kabla ya alfajiri ya tarehe 1 Desemba, hazikuikuta Kuru. Ilikuwa imekwisha kupakia wakimbizi na kuondoka.

Kulipopambazuka meli zile zilikutana baharini. Wakimbizi waliokuwa katika Kuru walihamishiwa Castlemaine, nayo ikageuka kuwapeleka Darwin. Armidale na Kuru ziliamriwa kurudi Betano usiku ule ule ili kuimaliza kazi. Maana ya amri hiyo ilikuwa kwamba vyombo viwili vidogo vitapita mchana kutwa katika bahari ambamo adui amekwisha kuviona, wala havina ndege za kutosha za kuvilinda.

DAKIKA ZA MWISHO

Mashambulio yalianza adhuhuri, na Kuru ikatengana na Armidale. Nahodha wa Armidale, Luteni Kamanda David Richards, aliigeuza meli huku na huku ili mabomu yaanguke kando, na kwa muda alifaulu. Lakini mchana ule zilikuja ndege zisizopungua 13 kwa pamoja, nyingine juu zikiangusha mabomu, nyingine chini karibu na maji zikileta topedo. Topedo la kwanza liliipiga meli ubavuni upande wa kushoto. La pili liliingia penye mitambo. Meli ikalala upande, na nahodha akatoa amri watu waiache.

Waliokuwa hai waliruka majini. Hapo ndege ziligeuka, zikashuka chini, zikaanza kuwapiga kwa bombomu watu waliokuwa wakielea, ambao hawakuwa na silaha wala mahali pa kujificha.

Teddy Sheean alikuwa juu ya sitaha pamoja na wenziwe. Alisaidia kukifungua chelezo kimoja ili kishuke majini, na baada ya hapo hakuwa na wajibu wowote tena melini. Amri ilikuwa imekwisha kutolewa, na chelezo kilikuwa pale. Lakini aliyaona yaliyokuwa yakiwapata wale waliotangulia majini. Akaliacha chelezo, akapanda sitaha iliyokuwa imeinama, akaufikia mzinga wa Oerlikon ulio upande wa nyuma, akajifunga mkanda na kuanza kupiga.

Yeye hakuwa mpigaji kwa kazi yake; alikuwa mpakiaji. Alikuwa amekwisha kujeruhiwa kifuani na mgongoni. Hata hivyo risasi zake ziliiangusha ndege moja, na nyingine zikalazimika kukaa mbali zisiwakaribie watu majini. Meli ilizidi kushuka kwa upande wa tezi. Watu waliokuwa wakiogelea walimwona kijana yule akiendelea kupiga hata maji yalipomfikia, na wengine waliona mzinga ukitoa risasi wakati alipokuwa akitoweka pamoja na meli. Tangu topedo la kwanza kupiga hata Armidale kuzama zilipita dakika chache tu. Zilikuwa zimebaki siku 27 ili Teddy atimize miaka 19.

WALIOACHWA BAHARINI

Melini walikuwamo watu 149. Kwa kila hali waliookoka kuzama hawakuwa wameokoka bado, kwa kuwa walikuwa mbali na nchi, nao walikuwa na motaboti moja, mashua moja ya makasia iliyotobolewa kwa risasi, na vyelezo. Nahodha Richards aliondoka siku ya pili kwa motaboti pamoja na baadhi ya watu, wakiwamo majeruhi, ili afike mahali ambapo ndege za kwao zingeweza kumwona. Baadaye watu wengine 29 waliitengeneza mashua kadiri walivyoweza, nao wakaondoka kwa makasia huku wakikumba maji mchana na usiku. Vyombo vyote viwili vilionekana, na watu wake wakachukuliwa na korveti iitwayo Kalgoorlie.

Walibaki wale wa vyelezo. Tarehe 8 Desemba ndege ya Australia iliwaona na kuwapiga picha, na katika picha hiyo watu wanaonekana wazi wakitazama juu. Lakini bahari ilikuwa imechafuka, hata ndege iliyoweza kutua majini haikuthubutu kushuka. Meli ilipofika mahali pale haikuona mtu wala chelezo, na tangu siku hiyo hawakuonekana tena. Katika watu 149 walipona 49 tu. Waliokufa walikuwa wanamaji 40 wa Australia na askari 60 wa jeshi la Wadachi.

Yafaa kuipima hesabu hiyo pamoja na kitendo cha Teddy. Hakuiokoa meli, wala hakuweza kuwaokoa watu wote. Jambo aliloliweza lilikuwa kuzizuia ndege kwa dakika chache, na katika dakika hizo watu walishika mbao, wakajivuta kwenye vyelezo, wakawapandisha majeruhi. Baadhi ya wale 49 walisema maisha yao yote kwamba walikuwa hai kwa sababu ya mzinga ule.

KWA NINI MIAKA 78

Sasa twaja kwenye swali la pili. Mwaka 1943 Sheean aliheshimiwa kwa kutajwa katika taarifa ya vita, ambayo ni heshima ndogo kuliko zote katika mpango ule. Asiyejua kanuni za wakati ule hudhani kwamba wakubwa walikidharau kitendo chake. Lakini kanuni zenyewe zilikuwa na mlango mwembamba. Katika nishani zilizohusu ushujaa wa namna hii, mtu aliyekufa katika kitendo chenyewe aliweza kupewa moja kati ya mbili tu: Victoria Cross, iliyo juu kabisa, au kutajwa katika taarifa, kulikokuwa chini kabisa. Nishani zote za katikati walipewa walio hai. Kwa hiyo ambaye hakupendekezwa kwa ile ya juu alianguka moja kwa moja hata ile ya chini.

Tena mapendekezo ya wanamaji wa Australia yalipitia kwa wakuu wa Jeshi la Maji la Uingereza mjini London, mbali sana na Bahari ya Timor. Mashahidi nao walikuwa mabaharia wa vyeo vidogo, waliotoka baharini wakiwa wamekauka kwa jua na kiu, kisha wakatawanywa kwenda kufanya kazi katika meli nyingine. Katika vita vyote viwili vikuu hakuna mtu hata mmoja wa Jeshi la Maji la Australia aliyepewa Victoria Cross.

Lakini mashahidi hawakunyamaza. Miaka ilipopita walisimulia, wakaandika, wakashuhudia, na watu wa jamaa yake huko Tasmania wakalishika jambo lile bila ya kuchoka. Mwaka 1978 mchoraji Dale Marsh alichora picha ya Sheean akiwa kwenye mzinga, nayo imewekwa katika Jumba la Ukumbusho wa Vita mjini Canberra. Mwaka 1999 Jeshi la Maji liliiita nyambizi yake mpya kwa jina la Sheean. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha jeshi lile kupewa jina la baharia wa daraja yake, maana desturi ni kuviita vyombo kwa majina ya miji au ya wakubwa.

Hata hivyo nishani ilikuwa bado. Baraza lililochunguza habari za mashujaa wa zamani lilitoa uamuzi mwaka 2013 kwamba asipewe. Baraza hilo lilipoombwa kulitazama shauri upya, mwaka 2019 lilishauri apewe. Mwezi wa Mei, 2020, serikali ilikataa shauri hilo, ikisema kwamba hapakuwa na ushahidi mpya wa kutosha. Watu wengi walinung'unika, na Waziri Mkuu Scott Morrison akachagua jopo la wataalamu, chini ya Brendan Nelson, kupima ushahidi wote tena. Jopo liliona kwamba kijana yule alistahili. Tarehe 12 Agosti, 2020, Malkia Elizabeth wa Pili aliridhia, na Sheean akawa Mwaustralia wa 101 kupewa Victoria Cross.

Wako watu waliouliza kama ni haki kuzipima nishani za vita vya zamani kwa macho ya leo. Swali hilo si la upuuzi, kwa sababu mashujaa waliosahauliwa ni wengi, na mashahidi wa wengi wao wamekufa. Lakini katika shauri hili jambo lililopimwa halikuwa jipya. Yaliyosemwa mwaka 2020 ndiyo yale yale yaliyosemwa na watu waliotolewa majini mwezi wa Desemba, 1942. Kilichochelewa ni masikio ya kuyasikiliza.

JINA PASIPO NA KABURI

Teddy Sheean hana kaburi. Jina lake limeandikwa pamoja na majina ya maelfu ya wanamaji wengine katika mnara wa Plymouth, Uingereza, na mjini Latrobe, alikokulia, uko ukumbusho wake. Watu wa Afrika Mashariki wanaifahamu huzuni ya namna hiyo. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na mamia ya askari wa Afrika Mashariki wakapotea kwa dakika chache. Wao pia hawana makaburi, na ukumbusho wao uko katika makaburi ya vita mjini Nairobi.

Wazee wa Armidale waliomwona Teddy kwa macho yao walikuwa karibu wote wamekwisha kufa siku nishani yake ilipotolewa. Waliishi wakaoa, wakapata watoto na wajukuu, na wajukuu hao nao wana watoto. Wengi wa watoto hao wasingalizaliwa kama kijana mmoja wa miaka 18 hangaliliacha chelezo lake siku ile na kupanda tena melini.